Barua Isiyouliza Mvua

Jumapili, 9 Novemba 2003
Mvua imenyesha tangu Misa ya pili. Kesho tunaanza mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Nimemaliza kusoma, kwa hiyo naandika. Daftari hili lilikuwa la jiografia, na kurasa za nyuma zilibaki nyeupe.

Naishi Katandala kwa shangazi Silvana, dada yake baba. Baba na mama wako Laela, ambako baba anatunza ghala la Umoja wa wakulima. Shangazi ni katibu wa Umoja huohuo hapa mjini. Nyumbani kwetu watu hawaongei mambo mengine, ni mbegu na mbolea.

Jumatano, 12 Novemba
Hisabati. Mvua.

Jumatatu, 17 Novemba
Mtihani umekwisha. Wenzangu walirushiana madaftari. Mimi nilifunga sweta langu kiunoni nikamfuata shangazi kwa Gabriel.

Gabriel ana duka la intaneti nyuma ya stendi, kompyuta nne na printa moja. Umoja una anwani yake ya barua pepe tangu mwezi wa sita. Gabriel anaifungua kila asubuhi, anachapa kilichoingia, na shangazi anapita kuchukua. Neno la siri shangazi ameliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi, akalibandika ukutani chini ya kalenda ya parokia. Mtu yeyote akikaa kwenye kiti cha mwisho analisoma bila kugeuza shingo.

Nilimuuliza shangazi kwa nini liko wazi.

"Bertha, sanduku la posta la Umoja linapokea barua za nani?"

Nikasema za Umoja, za walimu wawili, za mwenye mashine ya kusaga, za Mzee Shija na ukoo wake wote.

"Enhe. Mwenye sanduku akimnyima jirani, watu watamwonaje?"

Ndivyo ilivyo. Anayehitaji kumwandikia mtoto wake aliyeko Mwanza au Dar anafungua anwani ya Umoja, anaandika, anaondoka. Hata mwenyekiti, Mzee Adolfu, akisafiri anafungua anwani hiyohiyo huko aliko na kuiandikia yenyewe. Barua inatoka Umoja inakwenda Umoja. Gabriel anasema ni kama mtu kujiachia ujumbe mezani.

Shangazi alinisomea moja ya zamani. Mzee Adolfu anaandika kama anavyoongea. Mvua huko vipi? Imefika Laela? Na Kaengesa je? Wazima? Mistari kumi ya hivyo, halafu mstari mmoja wa shughuli. Shangazi anazipenda. Akimaliza kusoma anapiga muhuri wa IMEPOKELEWA, anaweka sahihi, anatia kwenye faili.

Jumapili, 23 Novemba
Mbegu ya mahindi imefika ghalani Laela. Baba ametuma salamu kwa konda wa basi kwamba ameipanga mwenyewe mpaka mgongo unamuuma. Zamani, wakati wa ushirika, mbegu ilikuja tu kutoka serikalini, watu wakalalamika imechelewa. Sasa ni soko huria, wanachama wamejichangia mwaka mzima kuinunua. Itagawiwa wiki ijayo. Mzee Adolfu anakwenda semina Morogoro kesho, akirudi ndipo igawiwe.

Alhamisi, 27 Novemba
Shangazi alirudi mchana na karatasi. Ilikuwa fupi. Nilisoma juu ya bega lake wakati anatafuta kidau cha wino.

"Mbegu iliyoko Laela ina kasoro, isigawiwe. Kiwanda kitabadilisha. Lori litafika kesho Ijumaa, lipewe yote. Mpya italetwa Jumatatu. Adolfu, Mwenyekiti."

Shangazi aliishika kitambo. Kisha akapiga muhuri, akatia sahihi, akaikunja na kumpa konda wa basi la Laela.

Jioni tulikula ugali wa ulezi.

Jumatatu, 1 Desemba
Mvua kubwa. Ijumaa lori lilibeba mbegu yote, leo tunangoja mpya. Hakuna lori.

Jumanne, 2 Desemba
Hakuna lori.

Jumatano, 3 Desemba
Mzee Adolfu amerudi toka Morogoro. Alikuja moja kwa moja ofisini na begi lake. Nilikuwa pale, nafuta vumbi kwenye mafaili.

"Silvana, mbegu wamekwisha kuanza kuulizia? Kesho tukagawe."

Shangazi akasema, "Lori halijarudi, mzee."

"Lori gani?"

Shangazi alitoa nakala. Mzee Adolfu aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akasoma tena.

"Mimi sikuandika hii."

Hakuna aliyepaza sauti. Mzee alikaa kwenye benchi la wageni, mahali ambapo huwa hakai. Nilisubiri moyo wangu udunde kama ninavyosoma kwenye vitabu. Haukudunda. Niliona kwamba kiatu chake cha kushoto kimefunguka kamba.

Ijumaa, 5 Desemba
Baba amewekwa ndani.

Konda alitueleza. Wanachama walijaa ghalani wakakuta sakafu tupu. Baba akawaonyesha karatasi yenye muhuri. Wakasema karatasi gani, hiyo umejitengenezea na wenye lori. Baba akasema huu ni muhuri wa Umoja na hii ni sahihi ya dada yangu, ningefanyaje? Wakasema ndiyo hiyo, dada yako.

Shangazi alivaa gauni la kanisani akaenda polisi kutoa maelezo. Nilikwenda naye kubeba mwavuli. Askari alimuuliza muhuri una maana gani.

"Unasema imepokelewa," shangazi akasema. "Hausemi itekelezwe. Mimi napokea tu."

Askari akaandika. Maneno hayo ni ya kweli. Njiani tulirudi tukikwepa matope, mwavuli mmoja, hatukugusana mabega.

Jumamosi, 6 Desemba
Nimejaribu kulia. Nilikaa chooni muda mrefu. Basi.

Jumatano, 10 Desemba
Baba ametoka kwa dhamana. Umoja umemsimamisha kazi. Askari amesema kama Umoja utashikilia malalamiko, kesi itakwenda mahakamani. Watakaoamua ni wanachama, katika mkutano mkuu wa mwezi wa pili.

Alhamisi, 25 Desemba
Noeli, Laela. Shangazi hakuja, amesema ana kikohozi.

Mashamba ya barabarani yanatia aibu kuyatazama. Wenye uwezo walinunua mbegu kwa wachuuzi. Wengine wamepanda mahindi ya kula, yameota moja moja kama meno ya mzee. Wengine wameacha matuta yao hivihivi, majani waliyofukia yanaoza bila kitu juu yake.

Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi. Watu walipendelea kubanana kwingine. Mama aliimba kama kawaida. Baada ya Misa alitusalimia mtu mmoja tu, Mzee Shija, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kabla sijazaliwa. Alimshika baba mkono mbele ya watu wote.

"Habari ya kifungoni, mshikaji?"

Baba alicheka kidogo. Hapo ndipo nilipogundua kuwa sijamsikia akicheka siku zote hizo.

"Sasa wameanza kunisema mimi," Shija akasema. "Eti mwanangu wa Mwanza ananiandikia kwa anwani ya Umoja, basi ninao ufunguo. Nikawaambia ninao. Mwalimu anao. Hata paka wa Gabriel anao, analala chini ya ukuta ule."

"Na shamba lako?" baba akauliza.

"Shamba gani? Nasubiri mbegu, kama wao."

Nyumbani baba hakumtaja shangazi. Mama alipomtaja, baba alitoka kwenda kutazama kuku. Baadaye alisema neno moja tu, akiwa amenipa kisogo: "Kama ungekuwa muhuri wa mtu mwingine, ningeuliza."

Ijumaa, 2 Januari 2004
Nimerudi mjini. Shangazi hana kikohozi.

Jumanne, 13 Januari
Nimefaulu. Naingia kidato cha tatu. Shangazi amelipa ada kutoka kwenye mshahara wake wa Umoja na kunishonea sketi mpya. Nilisema asante. Alisema soma.

Jumatatu, 19 Januari
Mvua. Biolojia, mfumo wa damu.

Jumamosi, 24 Januari
Nafikiri nimeelewa. Shangazi akisema mbele ya watu kwamba neno la siri lilikuwa ukutani, kwamba yeye aliwagawia watu, kwamba alipiga muhuri bila kumtafuta mzee aisikie sauti yake, basi baba anatoka kwenye kesi na yeye anaingia. Kazi inakwisha na mimi narudi Laela bila shule. Kwa hiyo ananyamaza kwa ajili yangu, au anasema hivyo moyoni mwake.

Zamani nilikuwa namtazama anavyoandika kwa mwandiko wa kulala, nikaiga herufi zake. Siku hizi namtazama mkono tu. Simchukii. Namwona kama ninavyoliona kabati.

Boksi bado liko ukutani kwa Gabriel. Nilipita leo. Kijana nisiyemjua alikuwa amekaa kiti cha mwisho, anaandika. Mwenye lori huenda alikaa palepale. Huenda hata hakuwa na haraka.

Jumatano, 4 Februari
Baridi. Wenzangu waliniuliza kama ni kweli baba yangu ni yule wa mbegu. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 15 Februari
Mkutano ni Jumamosi ijayo, Laela. Shangazi ameandaa ajenda. Ya nne inasema: "Suala la M. Modesti, kufukuzwa uanachama na kufikishwa mahakamani." Aliandika jina la kaka yake kwa mwandiko uleule wa kulala.

Mzee Adolfu amekwenda Mbeya kutafuta mbegu ya maharage. Atarudi Jumamosi asubuhi kwa basi la Tunduma na kushukia mkutanoni.

Jumatatu, 16 Februari
Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyo.

Baada ya shule nilikwenda kwa Gabriel. Alikuwa mlangoni anabishana na mtu kuhusu mpira.

"Mambo, Bertha. Umeleta barua ya shangazi?"

Nikatikisa kichwa. Huwa siongei, kwa hiyo hakushangaa. Nilikaa kiti cha mwisho. Nilitazama ukutani, nikaandika neno la siri, mlango ukafunguka. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Nilidhani pangekuwa na kitu zaidi.

Niliandika: "Mkutano wa Jumamosi, kila mwanachama aje na jembe lake. Asiye na jembe hataruhusiwa kuingia. Katibu apeleke taarifa matawi yote. Adolfu, Mwenyekiti." Nikatuma kutoka Umoja kwenda Umoja.

Nilirudi nyumbani kwenye mvua. Nilichambua maharage. 

Jumanne, 17 Februari
Nilipotoka shule shangazi alikuwa amekaa jikoni na koti lake la mvua. Karatasi ilikuwa mezani, na muhuri pembeni yake. Siku zote muhuri unabaki ofisini.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akaisoma yote kwa sauti, polepole, kama anayemsomea mtu asiyejua kusoma.

"Mzee Adolfu yuko Mbeya siku ya nne," akasema. "Hajauliza mvua."

Nilitazama muhuri.

"Jana uliingia umelowa. Daftari zako zilikuwa kavu, ulizificha ndani ya sweta. Kutoka shuleni mpaka hapa mvua haikunyesha jana, Bertha. Ilinyesha upande wa stendi."

Uji ulikuwa unachemka. Alisimama akautoa motoni, akakaa tena.

"Ile ya kwanza nayo haikuuliza mvua," akasema. "Niliona. Niliishika mkononi nikaona. Nikasema moyoni, labda huko Morogoro intaneti ni ghali, mzee anabana maneno. Nikapiga muhuri." Alikuwa haniambii mimi, alikuwa anaiambia karatasi. "Toka siku ile kila nikilala naona pale juu, mahali ambapo salamu ingekuwa."

Nilisubiri aseme atanipeleka kwa nani.

"Kwa nini majembe?"

"Kila mtu analo," nikasema.

Kona ya mdomo wake ilisogea. Akavuta karatasi, akafungua kidau, akapiga muhuri. IMEPOKELEWA. Akatia sahihi yake, nzuri kuliko siku zote, na akaanza kunakili kwa ajili ya matawi. Nilichukua kalamu nyingine nikamsaidia. Tuliandika nakala za Mwazye, za Kaengesa, za Laela. Mwandiko wetu hautofautiani.

Jumamosi, 21 Februari
Tuliamka na giza, tukapanda basi la kwanza. Kabla hatujafika Laela niliwaona. Watu walikuwa wanatembea kando ya barabara kwa makundi, wanaume na wanawake, nguo safi za mkutano, na kila mmoja ana jembe begani. Konda akauliza kuna msiba? Mama mmoja akamjibu, "Agizo la mwenyekiti." Akauliza la nini. "Tutaambiwa hukohuko."

Uwanja wa ghala ulijaa. Majembe yaliegemezwa ukutani, mengine watu waliyakalia mpini. Mlangoni walikuwa wamewekwa vijana wawili kuzuia asiye na jembe. Bibi mmoja alirudishwa, akaenda kuazima. Baba alisimama peke yake chini ya paa la ghala. Naye alikuja na jembe.

Mzee Adolfu alishuka basi la Tunduma. Alikuja akitabasamu, halafu akapunguza mwendo.

"Shikamoo mzee," watu wakasema.

"Marahaba. Majembe ya nini?"

Watu walitazamana. Makamu wake akacheka, kama mtu anayesubiri mzaha uishe. "Si ulituagiza, mzee."

"Nani? Mimi?"

Makamu akatoa karatasi mfukoni. Mzee Adolfu akavua miwani, akafuta, akasoma. Nilikuwa nimeshauma mkono wa sweta mpaka ukalowa.

"Mimi sikuandika hii," akasema. Maneno yaleyale.

Sauti zikaanza chini chini. Mtu akasema, "Ni Modesti tena huyo." Mwingine akasema, "Modesti anufaike nini na jembe langu?" Hapo shangazi akasimama. Alisimama mbele kabisa, akageukia watu badala ya meza kuu.

"Ni mimi nilipiga muhuri," akasema. "Na ile ya mbegu ni mimi. Hii imetoka nyumbani kwangu, nikijua. Ile ya mbegu imeandikwa na mtu nisiyemjua, na sitamjua, kwa sababu ufunguo wa anwani ya Umoja niliubandika ukutani nikamgawia kila aliyeomba. Niliona dosari kwenye ile barua, nikanyamaza. Kaka yangu aliona muhuri wangu akaamini. Ninyi mmeona muhuri wangu, mmebeba majembe toka Mwazye. Nani kati yenu alimuuliza mzee kwanza?"

Watu walitazama majembe yao. Nilitazama pia. Mengine yalikuwa mapya, mengine yameisha mpaka yanafanana na vijiko.

Kisha Mzee Shija, toka nyuma: "Mimi nilitaka kuuliza. Nikaogopa kuzuiwa mlangoni."

Kicheko kilianza kwa watu wachache. Hakikuwa cha furaha sana, ila kilienea. Wengine hawakucheka kabisa, walinuna, na kundi la Kaengesa liliondoka likisema wamefanywa watoto.

Ajenda ya nne ilifutwa. Umoja utaondoa malalamiko polisi. Baba amerudishiwa funguo. Shangazi ameondolewa ukatibu, mikono ilinyooshwa, nami niliihesabu mpaka nikaacha. Mzee Adolfu alinyoosha wa kwake mwisho, na hakuupandisha sana. Wameazimia neno la siri libadilishwe na wajue watu wawili tu, na agizo lolote la kutoa mali ya Umoja lisitekelezwe mpaka mwenyewe asikike kwa sauti kwenye redio ya upepo ya parokia. Wa kuandika na wa kutekeleza waongee.

Walipomaliza, Shija akasema majembe yameshakuja, yarudi bure? Waliobaki walikwenda kwenye kiwanja nyuma ya ghala, wakalima. Litakuwa shamba la mbegu ya maharage, ya Umoja wenyewe. Baba alilima upande mmoja, shangazi akaazima jembe akalima upande mwingine. Hawakuongea. Katikati yao palikuwa na watu kama arobaini.

Nilingoja nijisikie kitu. Nilisikia udongo tu, jinsi unavyokatika ukiwa umelowa.

Jumatatu, 23 Februari
Gabriel amebandua boksi. Ukutani pamebaki umbo lake, peupe.

Jumanne, 9 Machi
Shangazi anauza maharage sokoni. Anakaa wima kwenye kigoda kama alivyokuwa anakaa ofisini. Ada ya muhula wa pili haijulikani itatoka wapi. Mwalimu amesema nisubiri kufukuzwa kwanza ndipo nihuzunike. Ni mtu mwema.

Alhamisi, 25 Machi
Mvua kidogo. Maharage ya Umoja yameota, nimeambiwa.

Jumatatu, 12 Aprili
Pasaka niliifanyia Laela. Mahindi ni ya kubahatisha, nyumba nyingi zitanunua unga mwaka huu. Kwenye benchi letu kanisani tulibanana.

Leo asubuhi baba alipata barua iliyochapwa. Mzee Adolfu anaagiza viuatilifu vitolewe kwa tawi la Mwazye. Baba hakugusa kufuli. Aliniita tukaenda parokiani, akangoja zamu yake kwenye redio ya upepo. Mkwaruzo ulikuwa mwingi. Halafu sauti ya mzee ikaja, imekonda lakini ni yeye.

"Modesti, mvua huko vipi? Ova."

"Imepungua mzee. Juzi ilinyesha kidogo. Huko? Ova."

Waliongea mvua mpaka padre akatazama saa yake. Kisha mzee akasema ndiyo, ni mimi, viuatilifu vitolewe. Baba akasema nimekupata. Alibaki ameshika kile kipaza sauti kama hajui pa kukiweka.

Kwenye kituo cha basi alinipa furushi la maharage mabichi kwa ajili ya mjini. Nilitoa kalamu nikamuuliza kama ana ujumbe wa kumwandikia shangazi.

"Usiandike," akasema. "Utamwambia kwa mdomo." Kisha akaniambia la kusema.

Jumatatu hiyohiyo, jioni
Nilimkuta shangazi uani anaanika maharage ambayo hayakununuliwa. Nikampa furushi. Alilifungua, akamenya ganda moja, akatazama ndani.

"Nani kakupa?"

"Baba."

"Amesema nini?"

"Anauliza mvua huku vipi."

Shangazi aliweka ganda chini. Alitazama juu, upande wa milima, muda mrefu kuliko unaohitajika kuona kwamba mbingu ni safi.

"Rudia," akasema.

"Anauliza mvua huku vipi."

Alijifuta uso kwa upande wa kanga, kisha akaanza kujibu. Alianza na mvua ya Machi, akaja ya wiki iliyopita, akasema imefika Kaengesa, akasema huku jua, akauliza wazima. Alikuwa anakwenda mbali, na mimi nilisimama pale na begi langu mgongoni, namsikiliza nikikariri kila neno, kwa sababu Jumamosi ninarudi kumwambia. Hapo katikati nilijifuta macho kwa mkono wa sweta. Nilimwachia aendelee.